Usukani Mzito wa Gari Dogo

Namshukuru Mungu Baba aliyeniachia pumzi hadi leo, aliyenilisha miaka ya shibe na miaka ya njaa, na ambaye hajachoka kusikiliza maneno ya mwanamke mzee. Sifa zimwendee Yeye kabla sijaandika lolote, kwa kuwa ninayotaka kuyaandika yana uchungu, nami nataka jina Lake litangulie, uchungu ufuate nyuma.

Mume wangu alikuwa mashinisti. Ndivyo tulivyowaita hapa Likasi watu walioendesha treni za kampuni, zile zilizoleta mawe ya shaba kwenye kiwanda cha Shituru. Kazi ile ilikuwa na heshima yake. Mashinisti alipewa nyumba yenye veranda katika kambi ya Shituru, na siku ya posho mke wake hakusukumwa kwenye mstari wa unga na samaki. Ilikuwa miaka ya chama kimoja, ambapo kila mtu aliitwa sitwayeni, yaani mwananchi, hata kama sitwayeni mmoja alikuwa na gari na dereva wake na mwingine alitembea pekupeku. Majina yetu ya ubatizo tulikatazwa kuyatumia. Tuliyaacha kanisani kama mtu anavyoacha mwavuli mlangoni, tukayachukua tena Jumapili.

Msimu mmoja wa mvua mume wangu aliugua homa kali. Alipopona, mkono wake wa kuume ulibaki ukitetemeka. Akishika kijiko, mchuzi ulimwagika. Akishika kalamu, jina lake lilitoka kama limeandikwa ndani ya gari linalopita kwenye mawe. Lakini akishika kitu kizito mkono ulitulia kabisa. Nilimwona akipasua kuni, nikamwona akiinua gunia la unga, na sikuona mtetemo wowote. Mwenyewe aliniambia kwamba mshikio wa kichwa cha treni ni chuma kizito, unausukuma kwa bega zima, na kwamba akiwa pale juu alisahau kama aliwahi kuugua.

Daktari wa kampuni hakumpandisha kwenye kichwa cha treni. Alimwambia anyooshe mkono, akamwekea karatasi juu ya vidole. Karatasi ikacheza. Daktari akaandika kwamba ni mishipa ya fahamu, na mume wangu akapelekwa kwenye banda kupaka grisi magurudumu ya mabehewa, akisubiri komisyo, yaani kikao cha wakubwa ambacho kingeamua kama atarudi kwenye treni au la. Mtu aliyevuta treni nzima juu ya vilima vyetu alihukumiwa kwa karatasi moja. Nimelisema jambo hili kwa Mungu mara nyingi katika sala, na kila mara nimelisema kwa sauti ya chini, kwa sababu kwa sauti ya juu lingegeuka kuwa tusi.

Sasa nieleze habari ya gari dogo.

Kulikuwa na mhandisi Mbelgiji aliyesimamia madaraja ya reli. Mume wangu ndiye aliyekuwa akimbeba kwenye treni kwenda kuyakagua, na safari zile ndefu ziliwafanya wazoeane. Mkataba wake ulipokwisha, mzungu yule alikuja nyumbani kwetu akatuachia zawadi ndani ya boksi: gari la mashindano, dogo kama paka aliyelala, lenye magurudumu ya mpira na betri tumboni, pamoja na telekomande yake ya kuliongoza kutoka mbali. Telekomande ilikuwa sanduku la kushikwa kwa mikono miwili, lenye antena ndefu ya kuvuta na vijiti viwili usoni. Kijiti cha kushoto kilikwenda mbele na nyuma tu, nacho kilikuwa cha mwendo na breki. Kijiti cha kulia kilikwenda pembeni tu, nacho kilikuwa usukani.

Wakubwa wa kampuni walikuwa na mchezo wa kushindanisha magari kama hayo kwenye klabu yao, ambayo sote tuliita serkle. Uwanja mmoja wa tenisi ulikuwa umeachwa kwa muda mrefu bila wavu, na juu ya saruji yake walikuwa wamelaza mipira ya zamani ya maji ya zimamoto ili kuchora njia yenye kona. Mara moja kwa mwaka, siku ya sikukuu ya kampuni, kila idara ilileta gari lake na dereva wake: watu wa karakana, watu wa hospitali, watu wa umeme, watu wa reli. Siku hiyo tu ndipo mfanyakazi wa kawaida aliweza kupita mlango wa serkle bila kubeba trei.

Idara ya reli ilikuwa inashindwa kila mwaka. Mkuu wa idara, ambaye mume wangu alimwita shefu kama walivyomwita wote, alikuwa mtu wa abakosti, ile suti ya chama isiyo na tai, iliyopigwa pasi vizuri na asiyependa kuchekwa. Aliposikia kwamba gari la mzungu limebaki kwetu, alikuja mwenyewe hadi kwenye banda la grisi. Mume wangu aliniletea maneno yake jioni ile, akiyarudia polepole kama mtu anayesoma somo la misa.

"Weye uko na motokari ya ule muzungu," shefu alisema. "Basi, ushinde. Komisyo ikikaa, minye mwenyewe nitaangalia kama ile mukono inatetemeka ao hapana."

Huo ndio uliokuwa mkataba wetu, kama maneno ya mkubwa yanaweza kuitwa mkataba. Gari dogo lishinde, mume wangu arudi kwenye treni. Gari dogo lishindwe, abaki kwenye grisi, na nyumba yenye veranda iende kwa mashinisti mwingine.

Jaribio la kwanza lilifanyika mbele ya nyumba yetu, baada ya misa ya Jumapili. Majirani walitoka na viti. Mume wangu alisukuma kijiti cha mwendo na gari likaruka, lakini usukani ulifuata mkono wake, na mkono wake hakuwa akiutawala. Gari lilikwenda kwa kutikisika, kushoto kulia kushoto kulia, likaingia katikati ya kuku wa jirani. Watu walicheka hadi wengine wakaegemea ukuta.

Jirani mmoja, fundi bomba, alipaza sauti: "Mashinisti, ile motokari ilikunywa nini? Itatapika."

"Hapana, inacheza animasyo," mwingine akamjibu. "Inamuchezea chama."

Animasyo ilikuwa ngoma ya lazima ya kukisifu chama, na hapo kicheko kilipungua kidogo, watu wakaangalia nani yuko karibu, kisha kikaendelea. Hata mimi nilicheka. Mume wangu alilichukua gari, akalifuta vumbi, akaingia ndani.

Nilimkuta amekaa kitandani, telekomande mapajani. Aliniambia kwamba tumeshindwa kabla ya kuanza. Wazo la kwanza nililompa lilikuwa ahamishie usukani mkono wa kushoto. Tukatazama, tukaona haiwezekani, maana kijiti cha kushoto hakiendi pembeni. Basi tukaanza kulichunguza sanduku lile kidogo kidogo. Yeye alisoma kijitabu cha Kifaransa kilichokuja nalo, na mimi nikafanya kwa vidole vyangu, kwa kuwa skrubu zilikuwa ndogo na mkono wake haukuweza kuzishika. Nilikuwa mshonaji. Bisibisi ya cherehani yangu iliingia katika skrubu zile kama imetengenezwa kwa ajili yazo.

Jambo la kwanza tulilojifunza lilikuwa kiswichi kidogo cha kuteleza chini ya kijiti cha usukani. Hicho ni cha kunyoosha gari. Ukiachia kijiti na gari likavuta kushoto, unakisogeza kidogo kulia mpaka gari liende moja kwa moja kama uzi. Tulilitengeneza hilo kwenye sakafu ya sebule, tukifuata mstari wa vigae.

Jambo la pili lilikuwa kitufe cha mviringo juu ya sanduku. Hicho kilipima ni kiasi gani magurudumu yageuke. Ukikifungua chote, mguso mdogo unageuza magurudumu sana. Ukikipunguza, kijiti kinakwenda mbali na magurudumu yanageuka kidogo. Nilikipunguza, na mtetemo ukapungua. Nikakipunguza zaidi, na gari likatulia kabisa, lakini likakataa kupinda kona. Tuliweka matofali nje kuiga kona kali ya serkle, ile iliyo karibu na ukuta, na gari likawa linapitiliza kila mara. Tulikwenda mbele na kurudi nyuma na kile kitufe kwa muda wa wiki kadhaa. Mahali pa kona hapakuwa mahali pa utulivu, na mahali pa utulivu hapakuwa mahali pa kona.

Jambo la tatu yeye ndiye aliyelifikiria, akiwa anakula bukari, ugali wetu. Aliacha tonge hewani akaniuliza kama ndani ya sanduku kuna springi. Nilifungua mgongo wa telekomande, na kweli, nyuma ya kila kijiti kulikuwa na springi nyembamba inayokirudisha kijiti katikati, na skrubu ya kuivuta au kuilegeza. Akaniambia nikaze ile ya usukani. Nikakaza. Akaniambia nikaze tena, na skrubu ikafika mwisho. Basi nikatoa springi ile, nikaweka mahali pake nyingine nene zaidi niliyoikata kutoka kwenye vyombo vyangu vya ushonaji. Kijiti kikawa kigumu kiasi kwamba mimi nilihitaji dole gumba na nguvu ya kifundo chote cha mkono kukisukuma.

Alikishika. Mkono ukatulia.

Alikuwa amepata uzito wa kushika. Sasa tuliweza kukifungua kile kitufe kidogo, gari likapata kona, na mtetemo haukufika kwenye magurudumu kwa sababu springi iliumeza njiani. Kilichobaki alikiongeza kwa ujuzi wake wa reli. Mashinisti hangoji kona imfikie, huanza kufunga breki mbali na kuingia taratibu, na gari dogo alilipeleka hivyohivyo. Vijana wa mtaa waliliona linaingia kona polepole wakafikiri ni bovu, kisha wakaliona linatoka kama risasi.

Nilimshukuru Mungu usiku ule kwa ajili ya springi. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kufanya hivyo.

Siku ya sikukuu ilianza kama sikukuu zote za wakati ule. Wafanyakazi walipangwa kwenye uwanja wa serkle, wakaimba na kucheza kwa heshima ya chama na ya kiongozi, na wanawake wa kambi tulivaa vitenge vyenye picha ile tuliyoijua. Jua lilikuwa kali na harufu ya kiwanda ilishuka hadi pale. Wageni kutoka makao makuu ya Lubumbashi walikaa chini ya turubai pamoja na shefu, mbele ya meza ya vinywaji. Mimi niliruhusiwa kukaa karibu na njia ya magari kwa sababu nilibeba betri za akiba na bisibisi ndani ya mkoba.

Kulikuwa na meza ya telekomande, na nieleze sababu yake. Magari mawili yakiwa na mawimbi ya aina moja, telekomande ya huyu inaweza kuliteka gari la yule. Kwa hiyo kila dereva aliweka sanduku lake mezani mapema, nalo lilikaa pale limezimwa hadi zamu yake ifike. Aliyezilinda siku ile alikuwa karani wa karakana, baba wa watoto wachanga, aliyeimba sauti ya nne katika kwaya ya parokia yetu. Alikuwa akitutania mimi na mume wangu kila Jumapili. Alipopokea telekomande yetu aliipima mkononi akasema, "Mama, mashinisti analeta sanduku ya sabuni leo." Mume wangu akamjibu kwamba akiilinda vizuri atampa kipande.

Mashindano yenyewe nitayasema kwa kifupi, ingawa ndiyo furaha pekee ya hadithi hii. Mume wangu alishinda raundi ya kwanza kwa sababu gari la hospitali lilipinduka. Ya pili alishinda kwa haki. Katika fainali alikutana na gari la karakana, lililoendeshwa na mhandisi mzungu, rafiki wa yule aliyetuachia gari letu. Mzungu yule alikuwa mwepesi sana kwenye njia nyoofu. Lakini kila alipofika kwenye kona ya ukuta aliingia kwa kasi na kugonga mipira, na mume wangu aliingia polepole na kupita. Nilitazama mkono wake kwa muda wote huo. Ulikuwa umekaza kile kijiti kama ulivyokaza kuni na magunia. Bendera ilipoteremshwa, watu wa reli waliruka wakakumbatiana, na mzungu alikuja kumpa mkono. Alitazama telekomande yetu, akagusa kijiti cha usukani kwa kidole, akamwambia mume wangu kwa Kifaransa kwamba ameelewa, na kwamba ni kazi ya akili. Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu.

Shefu alisimama chini ya turubai akapiga makofi. Aliwageukia wageni wa Lubumbashi akawaonyesha mume wangu kwa kidole, na uso wake uling'aa. Nilihesabu tayari kwamba tumepona.

Lakini serkle ilikuwa na desturi yake. Mshindi humkabidhi mkubwa wa idara yake telekomande, na mkubwa huyo hulizungusha gari mara moja mbele ya wageni. Iliitwa raundi ya heshima. Ushindi ni wa mkubwa, na dereva ameushika kwa muda tu.

Mume wangu alipeleka sanduku kwa mikono miwili. Nilimwona akijaribu kusema kitu, akiinamisha kichwa, na baadaye aliniambia alitaka kumweleza shefu kwamba usukani ni mzito, asukume kwa nguvu. Shefu hakumpa nafasi. Alikuwa akiongea na wageni. Alichukua telekomande huku akitazama pembeni, akasukuma mwendo wote, na gari likaondoka kwa kishindo.

Kwenye njia nyoofu lilikwenda vizuri. Likafika kwenye kona ya ukuta. Shefu alikigusa kijiti cha kulia kwa ncha ya kidole, kama alivyozoea kwenye magari mengine ya mchezo, na springi yetu haikutikisika kwa ncha ya kidole. Gari halikupinda hata kidogo. Lilipanda juu ya mipira, likapiga ukuta, gurudumu moja likatoka na kubingirika hadi kwenye miguu ya mgeni mmoja wa Lubumbashi.

Watu wengine walicheka. Si wengi, na si kwa muda mrefu, lakini walicheka, na mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba reli imetoka relini. Shefu alisukuma kijiti tena, safari hii akauhisi ugumu wake. Uso ukabadilika.

"Nani aligusa hii kintu?" akauliza. "Hii iko sabotaji."

Msomaji ambaye hakuishi miaka ile labda hataelewa kwa nini uwanja mzima ulinyamaza. Sabotaji, yaani hujuma, halikuwa neno la michezo. Mashine ikiharibika kiwandani na mkubwa akalitamka, mtu wa usalama alikuja, na aliyechukuliwa hakujua atarudi lini. Mtu wa usalama alikuwepo, amesimama karibu na vinywaji. Aliweka bilauri yake chini, akatembea moja kwa moja hadi kwenye meza ya telekomande, akamuuliza yule karani masanduku haya yalikuwa chini ya ulinzi wa nani. Karani alifungua mdomo na sauti haikutoka. Ile sauti ya nne iliyojaza kanisa letu.

Mimi nilimtazama yule mhandisi mzungu. Alijua. Alikuwa amekigusa kijiti kile muda mfupi tu uliopita na kusifu. Neno moja kutoka kwake lingetosha, kwa kuwa hakuna ambaye angemshika mzungu wa mkataba kwa kueleza springi. Aliangalia viatu vyake. Kisha akaanza kukunja antena ya telekomande yake, polepole, kipande kwa kipande.

Mume wangu alisogea mbele.

"Haiko sabotaji, shefu," alisema. "Minye njo nilikaza springi, kule ku nyumba. Ule wa ku meza hakugusa kintu."

"Juu ya nini ulikaza?"

Niliona macho yake yakienda kwa karani, ambaye mtu wa usalama alikuwa amemshika mkono juu ya kiwiko, kisha yakarudi.

"Mukono yangu inatetemeka," alisema. "Springi ikiwa nguvu, mukono inatulia. Bila ile, siwezi."

Wageni walisikia. Watu wa idara zote walisikia. Shefu akampa mtu aliyekuwa karibu naye ile telekomande badala ya kumrudishia mume wangu, akajipangusa viganja.

"Basi daktari iko na haki," akasema, akarudi kukaa chini ya turubai.

Mtu wa usalama alimwachia karani. Kikombe cha ushindi alipewa mzungu wa karakana, naye alikipokea.

Njiani kurudi Shituru nilimuuliza mume wangu kwa nini hakusema kwamba gari limeharibika lenyewe. Nilimuuliza kwa ukali, na watu waliotupita walisikia. Alinijibu kwamba kama gari limeharibika lenyewe, wangemuuliza karani limeharibika lini na mbele ya nani, na yule ana watoto wachanga. Nikamwambia na sisi tuna watoto. Alitembea akiwa ameficha mkono wa kuume mfukoni.

Komisyo haikumwita hata kumsikiliza. Kapita, yule msimamizi wa banda, ndiye aliyemwambia, akiwa anakunywa maji, kwamba jina lake limeondolewa kwenye orodha ya mashinisti. Kabla mvua hazijaanza tulitoka kwenye nyumba yenye veranda tukahamia kambi ya Panda, katika nyumba ya chumba kimoja iliyopakana na ukuta wa jirani pande mbili. Telekomande na gari vilichukuliwa kwa uchunguzi. Baadaye, nilipokwenda serkle kupeleka mapazia niliyoshona, nilimkuta binti wa shefu ameishika telekomande kwenye baraza, akiendesha lile gari letu kuzunguka vyungu vya maua. Liligeuka vizuri, kwa wepesi. Springi yangu ilikuwa imetolewa.

Karani yule hakuja nyumbani kwetu. Nilingoja. Sikutaka shukrani, nilitaka tu apite asalimie. Jumapili alihamia benchi la upande mwingine, na baada ya misa alitoka kwa mlango wa sakristia. Watu waliniambia anaogopa kuonekana na sisi, na huenda ni kweli, maana woga wa wakati ule ulikuwa na sababu. Lakini alipoimba "Bwana, utuhurumie" niliziba masikio ya moyo wangu, na miaka mingi nilipofika kwenye sala ya Baba Yetu, pale penye kuwasamehe waliotukosea, nilinyamaza, nikawaacha wengine wapite mbele, kisha nikajiunga nao kwenye majaribu. Padri aliniona. Hakunisema.

Mume wangu yeye alisali yote, bila kuruka neno.

Mwishowe kampuni ilimpa kazi ya kulinda mahali ambapo barabara inakata reli, upande wa Shituru. Kulikuwa na kizuizi cha chuma kinachoteremshwa kwa mshikio mkubwa wenye kuzunguka, mzito kiasi kwamba mwenzake wa zamu ya pili aliuzungusha kwa mikono miwili na magoti. Nilikuwa nikimpelekea chakula mchana. Treni ilipopiga honi mbali, alisimama, akaushika mshikio ule kwa mkono wa kuume peke yake, akauzungusha mpaka kizuizi kikalala. Kichwa cha treni kikapita mbele yetu na mashinisti kijana juu yake, bila kutazama chini. Mkono wa mume wangu ulikuwa umetulia juu ya chuma, umetulia kabisa, na mabehewa yote yakapita, na hapakuwa na daktari wala shefu wala mtu wa komisyo pale, ila mimi na sahani yangu ya bukari.

Alifanya kazi hiyo hadi kampuni iliposhindwa kulipa watu na reli kuota majani. Amepumzika sasa kwa Mungu. Nami bado ninajifunza kulisema lile neno la sala, siku nyingine linatoka, siku nyingine halitoki.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akuweke mahali ambapo mkono wako utajaribiwa kwa kazi yake halisi. Akupe jirani atakayesema neno lako siku utakapolihitaji, na siku zamu hiyo ikiwa yako, akufungue kinywa. Abariki nyumba yako na walio ndani yake. Amina.